Ankara ya chura wa Kihansi

Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Methali hiyo hupendwa na wakubwa wanapotaka kuwanyamazisha wadogo, na miaka nenda miaka rudi chura hakuwa na la kujibu. Kisha akatokea chura mmoja kusini mwa Tanzania, mdogo kiasi cha kukaa juu ya ukucha wa dole gumba, akamsimamisha ng'ombe katikati ya mto. Ng'ombe mwenyewe alikuwa mtambo wa umeme wa megawati 180. Tangu hapo jina la vyura wa Kihansi limekuwa msemo wa matumizi ya ovyo. Vijiweni, kwenye daladala na hata ndani ya Bunge swali limeulizwa: inakuwaje nchi yenye zahanati zisizo na dawa imwage mabilioni kwa ajili ya vyura? Swali ni la haki kabisa. Kilicho dhaifu ni jibu linalotolewa kila mara, kwa sababu watu wa uhifadhi hukimbilia kuusifia uzuri wa viumbe, na mwenye njaa haambiwi habari za uzuri akaelewa. Mimi nina jibu jingine. Fedha zile hazikutumika kwa ajili ya chura. Zilikuwa faini ya kujenga kwanza na kuangalia baadaye, na faini ya namna hiyo tutaendelea kuilipa hadi tubadilishe mpangilio huo.

Mto Kihansi hushuka kutoka Milima ya Udzungwa kuelekea bonde la Kilombero, na katika kipande kifupi cha safari yake huporomoka karibu mita 850. Mhandisi akiona mteremko kama huo anaona umeme, wala hana kosa, ndiyo kazi yake. Lakini chini ya maporomoko yale maji yaliyogonga mwamba yaliruka juu kama moshi, yakazilowesha kingo za korongo usiku na mchana, masika na kiangazi. Pakaota kuvumwani na majani mafupi yasiyojua ukame. Eneo lote lililopata rasharasha hiyo lilikuwa kama hekta 2, yaani viwanja vitatu hivi vya mpira, na hapo ndipo palipokuwa dunia nzima ya chura wa Kihansi. Hapatikani penginepo. Rangi yake ni ya manjano iliyoiva kama haradali, na ngozi ya tumbo lake ni nyembamba kiasi kwamba jike mwenye mimba ukimgeuza unaweza kuwaona watoto kwa ndani. Naam, watoto. Hatagi mayai majini na hana viluwiluwi. Huzaa vyura kamili, kila mmoja ukubwa wa punje ya mtama. Wanaozaa hivyo ni wachache mno, chini ya aina moja kwa kila mia ya vyura duniani, na jenasi anamotoka chura huyu haipatikani nchi nyingine yoyote ila Tanzania.

Aligunduliwa mwaka 1996, na mwaka huo uangaliwe vizuri, maana kesi yote imo humo. Ujenzi wa mradi ulikuwa umeshaanza. Mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili wa Ulaya ilikuwa imeshakubaliwa. Tathmini ya mazingira iliyotangulia haikuwa imelichunguza korongo lenyewe ipasavyo. Hadi wanasayansi, akiwemo Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanachapisha maelezo yake na kumpa jina la kitaalamu mwishoni mwa miaka ya 1990, mitambo ilikuwa inakaribia kuwashwa. Ilipowashwa, karibu asilimia 90 ya maji ya mto ikaelekezwa kwenye handaki, na rasharasha ikakatika. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikusanywa haraka haraka na kupandishwa ndege hadi Bustani ya Wanyama ya Bronx, mjini New York. Kule korongoni yakatandazwa mabomba yenye vinyunyizio ili kuiga manyunyu yaliyopotea. Hapo pana kichekesho ambacho hata wanaokipenda kisa hiki hawakisemi kwa sauti: tuliyazima maporomoko yaliyokuwa yakifanya kazi bure tangu enzi, kisha tukanunua mabomba ya kuyaigiza. Na mabomba yalifanya kazi, kwa muda. Katikati ya 2003 vyura korongoni walikadiriwa kufika kama 20,000. Januari 2004 walionekana watatu tu. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira Asilia, IUCN, likatangaza kuwa chura wa Kihansi ametoweka porini.

Hapa inabidi nikiri jambo linaloikwaza hoja yangu. Bwawa peke yake halikummaliza chura huyu. Vyura walikuwa wameanza kuzoea vinyunyizio, idadi ikapanda, ndipo maangamizi yakaja ndani ya miezi michache, na uchunguzi ukakuta fangasi wa kitridi, ambao hushambulia ngozi. Kwa chura ngozi si koti. Kwa ngozi hiyo anakunywa maji, anapumua na kulinganisha chumvi mwilini. Fangasi wakiiharibu, moyo wake husimama. Mpinzani anaweza kwenda mbali zaidi na kusema kwamba bila bwawa kusingekuwa na wataalamu korongoni, bila wataalamu kusingekuwa na vyura 499 walioondolewa mapema, na fangasi wangekifuta kizazi chote bila mtu yeyote kujua kwamba kimewahi kuwepo. Sina jibu la kulifuta hilo, na nadhani lina ukweli. Ila lione linavyosema: uhai wa chura huyu uliokolewa na bahati, wala si mpango. Mnyama aliyebanwa kwenye hekta 2, anayeishi kwa maji ya bomba, tayari ameegemezwa ukutani. Ugonjwa ukibisha hodi hana pa kukimbilia. Kujua mapema kungetupa muda wa kumzalisha hapa hapa nyumbani, na wa kuweka kanuni ndogo kama ya kuosha na kupulizia dawa viatu vya kila anayeingia korongoni. Kanuni hiyo haigharimu hata mshahara wa dereva mmoja.

Sasa tuje kwenye ankara. Bwawa, handaki na mitambo ya Kihansi vilimeza zaidi ya dola milioni 200. Mradi wa kuyanusuru mazingira yake, ulioanza mwaka 2001, ulipata mkopo wa Benki ya Dunia wa zaidi ya dola milioni 6. Juu yake weka umeme ambao haukuzalishwa kwa sababu sehemu ya maji ililazimika kuachwa ipite korongoni, weka vinyunyizio na matengenezo yake, weka safari za wataalamu na miaka ya mivutano kati ya wanaotaka umeme na wanaotaka manyunyu. Upande wa pili weka kile ambacho kingetakiwa mwanzoni: wanabiolojia wachache, mahema, tochi, viatu vya mpira, kamba za kushukia genge, na misimu miwili ya mvua. Hata mhasibu anayewachukia vyura angechagua upande huu. Anayekasirika kwamba fedha nyingi zimekwenda kwa chura ana haki ya hasira yake, ila ameielekeza kwa asiyehusika. Chura hakuomba mkopo. Tulinunua mbuzi kwenye gunia, na tulipolifungua tukamlaumu mbuzi.

Wapo watakaosema: haya, tuseme tungejua tangu mwaka 1990, ingekuwaje? Tungeacha umeme kwa sababu ya vyura, nchi ikae gizani? Swali hilo linadhani kwamba ni lazima kimoja kife, na Kihansi yenyewe inalikanusha. Mitambo inazunguka hadi leo na maji yanaachwa yapite hadi leo. Kinachoachwa ni chini ya mita za ujazo 2 kwa sekunde, katika mto ambao wastani wake ni kama 16. Mwafaka huo ndio uliofikiwa mwishoni, baada ya kelele, hasara na kutoweka. Ungefikiwa mwanzoni ungeandikwa ndani ya mkataba, ungeingia kwenye hesabu za mkopo, na mhandisi angeuchora kwenye ramani zake kama anavyochora barabara ya kufika kwenye kituo. Sijawahi kuelewa kwa nini tunaona ni jambo la kawaida kupima udongo kabla ya kumwaga zege, lakini kupima uhai kabla ya kukata maji tunaita anasa ya wazungu.

Na kwa kuwa wazungu wametajwa, lipo lalamiko jingine ambalo limedumu kuliko yote, kwamba vyura wetu walitoroshwa Marekani. Walichukuliwa kwa makubaliano na serikali, na mambo yaliyowapata huko hayakuwa ya kitajiri. Miaka ya mwanzo walikufa ovyo. Kati ya wale 499 na uzao wao walifika mahali wakabaki chini ya 70, kwa kuwa hakuna aliyejua wanahitaji mwanga gani, unyevu kiasi gani, wala wadudu wa ukubwa gani. Walezi wa Bronx, na baadaye wa bustani ya Toledo huko Ohio, wakajifunza polepole hadi wakawa na maelfu. Mwaka 2010 vyura 100 wakarudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Desemba 2012 kama 2,000 wakaachiwa korongoni, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kwa amfibia yeyote aliyekwisha tangazwa kutoweka porini. Hadithi haijaisha vizuri kama picha za magazeti ya siku ile zilivyoonyesha, maana fangasi hawajaondoka na chura bado anahitaji kushikwa mkono. Lakini wizi haupo hapo. Kama kuna aibu, ni kwamba mnyama wa Tanzania pekee alilazimika kuvuka bahari kutafuta chumba chenye unyevu.

Pingamizi zito kuliko yote nimeliacha makusudi. Linasema: viumbe hutoweka, ndivyo dunia ilivyo tangu enzi za dinosaria, na mtu kwanza, mnyama baadaye. Sehemu ya kwanza ni kweli kwa neno, ila si kwa mwendo. Asilimia kama 41 ya aina za amfibia zilizotathminiwa duniani ziko hatarini kutoweka; reptilia, ambao ngozi yao ngumu na mayai yao yenye ganda huwasitiri kidogo, ni asilimia 21. Fangasi wale wale wa Kihansi wamehusishwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, na kupungua kwa aina zisizopungua 501 za amfibia, na 90 kati yao zinadhaniwa kuwa zimekwisha kabisa. Chanzo chao kimefuatiliwa hadi Asia ya Mashariki, na gari lao ni biashara ya wanyama hai inayofanywa na binadamu. Ukiita hiyo ni kawaida ya dunia, basi na moto wa kibiriti uite radi.

Sehemu ya pili, ya mtu kwanza, naikubali bila masharti, na ndiyo maana nataka tuzungumzie Costa Rica na Panama. Kuanzia miaka ya 1980 hadi 2000, fangasi walisafiri nchi hizo mbili kama wimbi, wakiacha mito iliyokuwa na kelele za vyura ikiwa kimya. Watafiti wakaja kulinganisha tarehe wimbi lilipofika kila wilaya na takwimu za wagonjwa wa hospitali. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2022, yanaonyesha kwamba baada ya vyura kutoweka malaria ilipanda, na kilele kilikuwa takriban mgonjwa mmoja wa ziada kwa kila watu 1,000, hali iliyodumu kwa miaka kadhaa. Maelezo ni yale ambayo mkulima wa mpunga angeyatoa bila shahada: viluwiluwi hugombea maji na vifaranga vya mbu na wengine huvila, na chura mkubwa hula wadudu warukao. Ondoa mlaji, mliwaji ananenepa. Sisemi kwamba chura wa Kihansi aliwakinga watu wa Kilombero na malaria. Mnyama wa hekta 2 hana uwezo huo, na anayedai hivyo anaharibu hoja nzuri kwa chumvi nyingi. Ninachosema ni kwamba watu wa Panama hawakujua vyura wao walikuwa na kazi gani hadi walipoacha kuifanya. India ilistuka mapema zaidi. Baada ya miaka ya kuuza nje miguu ya vyura kwa maelfu ya tani, ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1987, ikihofia wadudu wanaoongezeka mashambani na viuatilifu vinavyonunuliwa kuwaua.

Kuna hasara nyingine isiyopimika kwa wagonjwa wala kwa tani. Australia ilikuwa na chura aliyemeza mayai yake na kulea watoto ndani ya tumbo la chakula, akilizima asidi hadi wazaliwe kwa kutemwa. Madaktari wa vidonda vya tumbo walianza kumtazama kwa hamu. Porini alionekana mara ya mwisho mwaka 1981, wa kufugwa wakafa muda mfupi baadaye, na maswali yakabaki mezani. Mfano wa upande wa pili uko kwenye mfuko wa dawa wa wazee wengi wa kwetu: captopril, dawa ya shinikizo la damu, ilitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazili, na iliruhusiwa kutumika mwaka 1981 huo huo. Nyoka huyo huyo huua. Kuumwa na nyoka huondoa roho za watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani, wengi wao wakulima wa Asia na Afrika, na yeyote anayehubiri uhifadhi bila kudai dawa ya sumu ifike zahanati za vijijini anahubiri nusu. Lakini mnyama anayeua na mnyama anayetibu wakiwa mmoja, kumfahamu kunakuwa bei rahisi kuliko kumkosa.

Kwetu Afrika Mashariki suala hili ni zito kuliko tunavyolichukulia, kwa sababu milima yetu ya tao la mashariki, kuanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, imekaa kama visiwa. Kila mlima umezaa viumbe wake. Kwenye vilima vya Taita yuko amfibia asiye na miguu ambaye mkulima akimfukua kwa jembe humdhania nyungunyungu. Mwaka 2006 wanasayansi walieleza jinsi mama wa aina hiyo anavyonenepesha ngozi yake kwa mafuta, kisha watoto wake wakaibambua kwa meno maalumu na kuila, naye akaotesha nyingine. Kihansi yenyewe, ukiacha chura, ilitoa pia aina ya kahawa pori ambayo wataalamu hawakuwa wakiijua, iliyopewa jina la korongo lile mwaka 2004. Yote hayo yalikutwa mahali ambapo tathmini ya awali ilipita bila kuingia. Hakuna sababu ya kuamini kwamba korongo linalofuata ni tupu.

Sheria tunayo. Tanzania ilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira mwaka 2004, mwaka ule ule walipoonekana vyura watatu tu korongoni, na inataka tathmini ifanyike kabla mradi haujaanza na wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni. Kenya ilitangulia mwaka 1999. Tatizo la karatasi hizi ni kwamba hukaa bila msomaji, na msomaji akikosekana zinaandikwa kwa kunakiliwa. Kwa hiyo ombi langu ni kwa wewe unayeishi karibu na mto utakaozibwa, mlima utakaochimbwa au kinamasi kitakachofukiwa. Mkutano wa hadhara ukiitishwa, nenda. Omba ripoti, fungua kurasa za wanyama, utafute vyura, mijusi na nyoka. Angalia waliochunguza walikwenda lini na walikaa siku ngapi. Kama walikuja mwezi wa Agosti, mchana, siku tatu, waambie warudi mvua zikinyesha, usiku, na tochi.